Kumtafuta babu aliyechukuliwa vitani na mkoloni

Usianze na jina. Makarani waliandika walivyosikia: Hamisi akawa Khamis au Amisi, na jina la baba mara nyingi halimo. Kwanza jua alikuwa jeshi gani.

Wazee wakisema alikwenda "Kariakoo", ni Carrier Corps, wapagazi wa vita vya 1914–1918. "Keya" ni KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki lililoundwa 1902 na kupigana vita vyote viwili; katika vya pili lilipigana Uhabeshi 1940–1941, Madagaska 1942, Burma 1944–1945. "Alichukuliwa wakati wa vita" peke yake haitoshi. Tanganyika, wengi waliokamatwa walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge, na hao huwezi kuwakuta kwenye orodha za askari.

Kama kuna medali, anza nayo. Ile ya fedha ya vita vya kwanza, yenye mtu juu ya farasi, imechongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi. Usiisugue kwa majivu wala stilwaya. Herufi hizo ni nyembamba na zikifutika hazirudi. Mulika tochi kwa ubavu, au funika ukingo kwa karatasi laini upitishe penseli taratibu. Nakili namba pamoja na herufi zinazoitangulia, maana majina hufanana lakini namba ni ya mtu mmoja. Medali za nyota za vita vya pili hazikuandikwa jina la askari. Maneno ya katikati, kama "The Burma Star", hukuambia alikopigana tu.

Namba ya batalioni nayo husaidia: 1 na 2 KAR ni Nyasaland (Malawi ya leo), 3 na 5 Kenya, 4 Uganda, 6 Tanganyika.

Ikiwa alifia vitani, tafuta bila malipo kwenye tovuti ya CWGC, tume inayotunza makaburi ya vita. Weka namba, ukiweka jina, jaribu kila tahajia. Majina ya waliopotea Burma yako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Rangoon Memorial, Taukkyan, hukohuko Burma. Waliozama na meli ya askari ya Khedive Ismail, tarehe 12 Februari 1944, wengi majina yao yako kwenye East Africa Memorial, Nairobi.

Kwa wapagazi kazi ni nzito, na inauma: walikufa kwa makumi ya maelfu, hasa kwa kuhara, malaria na njaa, lakini sanamu za 1927 za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hazina jina hata moja. Kwa waliotoka Kenya, nenda Nyaraka za Taifa Nairobi, uombe mafaili ya wilaya yake kuhusu mishahara ya wapagazi ambayo haikuchukuliwa. Taja wilaya kwa jina la wakati ule, si la leo.