Somo: Namna ya kuzipata albamu mpya za dumu na dethi zisizotangazwa popote

Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno katika ujumbe wa faragha, kila mara kwa haraka na kila mara nikisahau jambo fulani. Nimeamua kuliandika mara moja kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo linahusu metali ya dumu (kwa Kiingereza doom), ile ya mwendo wa pole na uzito mkubwa, na metali ya dethi (death), ile ya mngurumo wa kooni na ngoma za kasi, pamoja na bendi zinazochanganya zote mbili. Neno dumu, kwa bahati njema, linatufaa sisi kuliko wenye lugha yao, kwa kuwa nyimbo zake hudumu kwelikweli: albamu ya Mirror Reaper ya bendi ya Bell Witch, iliyotoka mwaka 2017, ni wimbo mmoja wa dakika 83.

Hatua ya 1. Chagua albamu moja unayoipenda kwa dhati. Moja, si kumi.

Hatua ya 2. Itafute katika Encyclopaedia Metallum, hazina ya kumbukumbu za bendi za metali iliyopo mtandaoni tangu 2002, na utazame nchi na mwaka ili uwe na hakika kwamba ni bendi yenyewe, kwa sababu katika muziki huu majina hurudiwa ovyo.

Hatua ya 3. Fuata watu, usifuate jina la aina ya muziki. Aina ni neno ambalo mtu yeyote anaweza kulibandika, lakini mpiga gitaa hubeba mkono wake kila aendako. Katika ukurasa wa albamu, kila jina la mwanamuziki hufunguka na kukuonyesha bendi zake nyingine zote, za sasa na za zamani. Chukua mfano wa Tomb Mold ya Toronto, ambayo ni bendi ya dethi. Ukilifungua jina la mpiga gitaa wake, Derrick Vella, utaona kwamba yumo pia katika Dream Unending, ambayo imeelemea upande wa dumu na ambayo albamu yake ya kwanza, Tide Turns Eternal, ilitoka 2021. Mwenzake humo ni Justin DeTore. Lifungue jina la huyo nalo, utafika Innumerable Forms, ambako yeye ndiye mwimbaji, na albamu yao ya Punishment in Flesh ya 2018 ilitolewa na lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki, ya Profound Lore ya Kanada. Fungua orodha ya lebo hiyo, na humo utawakuta Bell Witch wa Seattle na ile dakika 83 yao. Umeanza na dethi ya Toronto, umefika kwenye dumu zito kuliko yote, na hakuna mtambo wowote uliokuchagulia njia.

Hatua ya 4. Fuata lebo. Lebo ndogo huendeshwa na mtu mmoja au wawili wenye masikio yao, hivyo ukipatana na albamu tatu za lebo moja, ya nne ipe nafasi hata kama jina la bendi hujalisikia. Kwa kuanzia, tazama Dark Descent na 20 Buck Spin za Marekani, Iron Bonehead ya Ujerumani, Memento Mori ya Hispania, Blood Harvest ya Uswidi na Pulverised ya Singapore.

Hatua ya 5. Tumia utafutaji wa kina wa hazina hiyohiyo, sehemu ya albamu, ambako unaweza kuweka mwezi na mwaka, nchi, na hata kuchagua demo, yaani rekodi za mwanzo za majaribio, peke yake. Demo ndizo udongo wenyewe. Albamu ni mmea ulioota juu yake.

Hatua ya 6. Katika Bandcamp, tovuti ambako wanamuziki na lebo huuza muziki wao, shuka chini ya jalada la albamu uliyoipenda, utaona picha ndogondogo za watu walioinunua. Fungua makusanyo yao. Mtu aliyenunua albamu tano ambazo nawe unazo ni mshauri bora kuliko orodha yoyote ya mwisho wa mwaka, hasa kwa kuwa hajui kwamba anakushauri.

Hatua ya 7. Sikiliza. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Jumapili moja nilifungua kurasa 40 kwa mpigo, nikajipangia nusu dakika kwa kila albamu: sekunde chache za mwanzo, kisha naruka katikati, kisha naandika hukumu daftarini. Nilijiona hodari sana. Miongoni mwa hizo ilikuwapo albamu ya dumu la polepole, iliyoanza kwa gitaa moja safi lisilo na haraka yoyote, nami nikaandika pembeni ya jina lake «hakuna kitu», nikapiga na mstari chini. Miaka miwili baadaye nilikuwa kwa rafiki yangu usiku, akaweka santuri bila kusema ni ya nani. Gitaa likaanza peke yake, likazunguka mle mle kwa muda mrefu kiasi cha kunikera, ndipo ngoma na besi zikaingia kwa pamoja na kioo cha dirisha kikatetemeka. Nilipouliza jina na kurudi nyumbani nikalikuta daftarini, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pamoja na ule mstari. Nakala za santuri zilikuwa zimekwisha zamani. Kwa hiyo:

Usiihukumu dumu kwa dakika ya kwanza. Uzito wake hujengwa na kungoja, na asiyengoja husikia gitaa tu.

Usiruke katikati. Mpigo mzito ulioufikia kwa kuruka si ule ulioufikia kwa kuvumilia dakika saba kabla yake.

Usisikilize kwa spika ya simu. Magitaa haya hukazwa chini sana. Uzi wa chini uliokazwa kwenye noti ya B hutikisika kwa takribani hezi 62, na besi iliyo oktava moja chini yake huwa karibu na hezi 31. Spika ya simu haiwezi kuzitoa sauti hizo ipasavyo. Unachokisikia ni mkwaruzo wa juu, kisha unaandika kwamba albamu imerekodiwa vibaya. Hedifoni yoyote ya kawaida ni afadhali.

Usizidishe albamu tatu kwa wiki, na kila moja isikie mara mbili kwa siku tofauti kabla ya kuiacha.

Hatua ya 8. Ukiipenda, inunue mapema, kwa kuwa nakala huwa chache na mara nyingi hazirudiwi.

Maswali ya wanachama

Swali: Asante mkuu, ila maelezo ni marefu. Naomba uniorodheshee albamu 10 bora za mwaka huu.

Jibu: Hatua ya 1.

Swali: Ndiyo, hiyo nimeiona, lakini mimi sina muda wa kufungua majina ya watu mmoja mmoja. Orodha tu inatosha.

Jibu: Asiye na muda wa kufungua majina manne hatakuwa na muda wa dakika 83. Orodha zimejaa mtandaoni na huna haja yangu.

Swali: Habari yako, mwalimu. Nimeijaribu hatua ya 3 jana usiku na imenifikisha mbali, nashukuru. Nimeona kwamba chini ya wanamuziki huandikwa pia wahandisi wa sauti na wachoraji wa majalada. Je, hao nao wanafaa kufuatwa, au ni kupoteza muda?

Jibu: Umeona jambo ambalo nilipaswa kuliandika. Wanafaa sana, dada, na kwa dethi ya zamani huenda wanafaa kuliko wanamuziki. Left Hand Path ya Entombed (1990) na Like an Ever Flowing Stream ya Dismember (1991) zote mbili zilirekodiwa Stockholm katika studio ya Sunlight, chini ya mhandisi Tomas Skogsberg, na magitaa yakapitishwa katika pedali ya Boss HM-2, kifaa cha kukwaruza mlio wa gitaa, iliyofunguliwa vitufe vyote hadi mwisho, ndiyo maana yananguruma kama msumeno wa kukatia magogo. Hadi leo zipo bendi changa, za nchi mbalimbali, zinazoitafuta pedali hiyo kwa ajili ya mlio huo huo. Kwa hiyo ukipenda msumeno, mfuate mhandisi; ukipenda dethi kavu, yenye kila pigo la ngoma likisikika wazi, ingia katika kazi za studio ya Morrisound ya Tampa za miaka ileile. Kuhusu majalada, fungua jina la Dan Seagrave. Ndiye aliyechora hizo mbili nilizozitaja, pamoja na Altars of Madness ya Morbid Angel ya 1989. Bendi changa inayomtafuta mchoraji wa namna hiyo huwa inakuambia inatoka ukoo gani kabla hujasikia noti hata moja. Tahadhari moja tu: jalada zuri linaweza kununuliwa na mtu yeyote, mlio hauwezi.

Swali: Mimi nashangaa mazoezi yote haya ni ya nini, wakati programu ya kusikilizia muziki inanipendekezea yenyewe kila Ijumaa. Huu si ushamba?

Jibu: Kama inakutosheleza, endelea nayo, sikukukataza. Mtambo wa namna hiyo hukadiria kwa yale ambayo wengi wameshayasikiliza, ilhali demo iliyotoka juzi na kusikilizwa na watu 30 haina wengi wa kukadiria kwao. Somo linahusu hiyo ya watu 30. Ushamba nimeupokea.

Swali: Kwa nini unasisitiza Bandcamp? Unalipwa?

Jibu: Silipwi. Kampuni hukata asilimia 15 ya mauzo ya faili na asilimia 10 ya mauzo ya bidhaa, kinachobaki, ukiondoa ada za malipo, humwendea mwanamuziki au lebo yake, na tangu Machi 2020 huwa na Ijumaa maalumu ambazo huacha kukata fungu lake. Hiyo ndiyo sababu yangu ya pili. Ya kwanza ni yale makusanyo ya wanunuzi ya hatua ya 6, ambayo sijayaona yakifanyika vizuri hivyo mahali pengine.

Swali: Nimeandika neno la dumu kama alama ya kutafutia katika Bandcamp nikaletewa mambo ya ajabu, mengine ni muziki wa ala tulivu kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Hukosei. Alama huwekwa na mwenye muziki mwenyewe, naye huweka kila neno analodhani litamletea wasikilizaji. Unganisha alama ya aina na jina la mji, kisha panga kwa vilivyoingia karibuni. Takataka hupungua, ingawa haziishi.

Swali: Ndugu mwandishi, je, mbinu hii hufaa pia kwa nchi zisizotajwatajwa katika muziki huu? Nimechoka na Uswidi, Finland na Marekani.

Jibu: Hufaa kuliko kwingine, kwa sababu orodha ya nchi ndogo unaweza kuimaliza yote. Chagua nchi katika hazina ile, kisha pitia bendi zake moja baada ya nyingine bila kuruka. Ndivyo nilivyofika kwa Overthrust ya Botswana, bendi ya dethi ambayo hakuna aliyenitajia. Kwa Asia, orodha ya lebo ya Transcending Obscurity ya India itakupa mwezi mzima wa kazi, ingawa lebo hiyo hutoa bendi za mabara yote.

Mwanachama mwingine anaongeza: Mimi husoma mabango ya matamasha kuanzia chini. Majina makubwa ya juu kila mtu anayajua, lakini yale ya herufi ndogo chini ya bango la Killtown Deathfest ya Copenhagen, au Roadburn ya Tilburg kwa upande wa dumu, yamechaguliwa na watu wanaosikiliza demo mwaka mzima.

Jibu: Hilo naliunga mkono kikamilifu na nitaliingiza katika somo kama hatua ya 6 na nusu. Mabango ya miaka iliyopita nayo husomeka vilevile, na ukiyapanga kwa mfuatano unaona bendi ikipanda kutoka chini hadi katikati.

Swali: Samahani kama natoka kidogo nje ya mada. Nimefuata hatua ya 5, nikanunua demo ya kaseti, lakini sauti inayumba na upande mmoja umefifia. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Huenda si mbovu. Kwanza, upeleke mkanda wote mbele hadi mwisho kisha uurudishe wote, kwa sababu mkanda uliokaa muda mrefu hujikaza isivyo sawa na mwendo wake huyumba. Pili, safisha kichwa cha kinasa kwa pamba na spiriti, uache kikauke. Tatu, tazama katikati ya ukingo ulio wazi wa kaseti, kuna kipande kidogo cha spongi kinachousukuma mkanda ugusane na kichwa. Kikidondoka au kikilala upande, sauti hufifia hivyohivyo.

Muulizaji: Nimetazama. Spongi haipo.

Jibu: Basi tafuta kaseti ya zamani usiyoihitaji, yenye skrubu tano, siyo ile iliyogundishwa. Ifungue polepole ikiwa imelala mezani, uitoe mikanda yake, kisha uhamishie humo magurudumu mawili ya demo yako bila kuupindua mkanda. Kaza skrubu za pembeni kwanza, na ile ya katikati iwe ya mwisho. Ikiwa ganda la demo limegundishwa, usilivunje kwanza. Niandikie, nitakueleza namna ya kulipasua kwa wembe.