Jinsi ya kupima hali ya hewa mwenyewe nyumbani bila namba zako kukudanganya

Mtu akitaka kuanza kupima hali ya hewa, swali la kwanza huwa ni ninunue kifaa gani, na mi naona hilo swali linatakiwa lije la tatu huko, la kwanza ni utakiweka wapi. Kipimajoto changu cha kwanza nilikigongomea ukutani upande wa magharibi, cha dijitali, kizuri tu, ikifika saa kumi jioni kinaniambia nyuzi 41, nikawa natamba kwamba kwangu ndo kuna joto kuliko popote. Siku nilipokitoa pale nikakining'iniza kivulini sehemu inayopita hewa kikashuka mpaka 32. Kumbe miezi yote ile napima joto la ukuta.

Kwa hiyo tuanze na joto. Unachotafuta ni joto la hewa, sio la jua wala la bati wala la zege, maana yake kifaa kikae mahali jua halikigusi moja kwa moja, mvua haikilowanishi, na bado hewa inapita kwa uhuru. Ndo kazi ya kile kisanduku cheupe chenye miguu mirefu unachokiona kwenye vituo vya hali ya hewa, kibanda cha Stevenson, kimeitwa hivyo kwa Thomas Stevenson, injinia wa minara ya taa wa Uskoti karne ya 19. Pembeni ni mbao zilizolala kama dirisha la luva, hewa inaingia, jua linabaki nje.

Huna haja ya fundi seremala. Chukua visahani vyeupe vya plastiki sita au saba, vile vinavyowekwa chini ya vyungu vya maua, vigeuze vitazame chini, cha juu kabisa kiache kizima halafu vingine vyote vikate tundu kubwa katikati, uvipange kwenye skrubu ndefu tatu ukiacha nafasi ya sentimita 2 hivi kati ya kimoja na kingine. Kifaa kinakaa humo katikati. Funga kwenye nguzo kati ya mita 1.25 na mita 2 kutoka ardhini, juu ya majani kama yapo, sio juu ya zege. Ukichungulia kwa chini unakiona kifaa, ila jua likiwa angani halikioni, basi umepatia.

Kama unapenda elektroniki, vihisi vya BME280 ni vidogo kuliko ukucha na vinapima joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kwa pamoja. Angalia sana usiuziwe BMP280, zinafanana mno ila hiyo haipimi unyevu. Na usikibananishe kihisi na bodi yako ya ESP32, yaani kile kikompyuta kidogo kinachosoma namba za kihisi, ile bodi inachemka, utajikuta umerudi kwenye ukuta wangu wa magharibi.

Sasa mvua, na hapa ndo napapenda kwa sababu kopo tu linatosha kukupa namba ya maana. Mvua ya milimita 1 ni lita 1 ya maji kwenye kila mita moja ya mraba, basi, hakuna siri nyingine. Kopo lenye pande zilizonyooka wima unachomeka rula, unasoma. Tatizo ni mvua ndogo, milimita 3 kwenye kopo pana huioni vizuri, kwa hiyo bora utumie faneli juu ya chupa halafu upime maji kwa bomba la sindano. Pima kipenyo cha mdomo wa faneli, sema ni sentimita 20, nusu yake 10, kumi mara kumi mia moja, zidisha kwa 3.14 unapata 314, hizo ni sentimita za mraba. Ukikuta mililita 314 kwenye chupa ina maana maji yamesimama sentimita 1, yaani mvua ya milimita 10. Kwa hiyo mililita 31.4 ndo milimita 1. Andika hiyo namba kwa maka peni kwenye chupa yenyewe usije ukapiga hesabu kila asubuhi na usingizi machoni.

Chupa isiwe chini ya mti wala karibu na paa. Kipimo rahisi ni hiki, kama kuna ukuta wa mita 3 basi kaa mita 6 au zaidi kutoka hapo, yaani angalau mara mbili ya urefu wa kinachozuia. Juu ya paa pia hapafai ingawa panaonekana pako wazi, upepo wa juu unapeperusha matone yanapita pembeni ya faneli. Mdomo uwe umelala sawasawa, chupa ifukie kidogo isianguke. Na vile vifaa vya kisasa vyenye kijiko kinachopinduka kila milimita 0.2 ni vizuri lakini mvua ikinyesha kwa nguvu kijiko kinazidiwa, kinahesabu pungufu, achilia mbali buibui ambao wanajenga humo kana kwamba wamepewa hati ya kiwanja. Mi ninacho kimoja na bado chupa iko pembeni yake.

Soma saa ileile kila siku. Ukichagua saa tatu asubuhi basi ni saa tatu, Jumapili pia. Wanasayansi wanaorusha maputo yenye vipimo angani, yale yanayopanda mpaka kilomita 30 hivi kabla hayajapasuka, wanayarusha karibu wakati mmoja dunia nzima, kwa kawaida mara mbili kwa siku, ili picha ya angahewa iwe ya wakati mmoja. We na chupa yako fuata mtindo huohuo. Na siku ambayo haikunyesha andika 0, usiache wazi, maana ukiacha wazi baada ya mwaka hutajua kama kulikuwa kukavu au ulisafiri.

Mgandamizo wa hewa ndo kipimo kivivu kuliko vyote, kwa sababu ndani na nje ya nyumba ni sawa, kifaa kiweke hata kabatini. Ila usishtuke ukiona hektopaskali 835, hektopaskali ndo kizio cha mgandamizo, wakati redioni wanasema 1013. Karibu na usawa wa bahari, ukipanda kama mita 8 unapoteza hektopaskali 1, na ukiwa kwenye mita 1,600 hiyo 835 ni sahihi kabisa, wao wameshasahihisha kana kwamba wote tunaishi ufukweni.

Na kama uko maeneo ya tropiki kuna jambo litakuchanganya. Kifaa kinapanda mpaka saa nne asubuhi, kinashuka mpaka saa kumi jioni, kinapanda tena mpaka saa nne usiku, kinashuka alfajiri, kila siku, kama hektopaskali 2 mpaka 4. Hakuna dhoruba inayokuja, hilo ni wimbi la angahewa lenyewe, linasukumwa na jua kupasha hewa joto. Kwa hiyo linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, sio asubuhi na jioni.

Upepo sitakaa nao sana, kifaa cha kitaalamu kinatakiwa mita 10 juu na wengi wetu hatuna hiyo nguzo. Tumia macho na skeli ya Beaufort, ile inayoupa upepo namba kwa kuangalia unachofanya, upepo unausikia usoni na majani yanachakacha andika 2, majani na vitawi havitulii andika 3, vumbi na makaratasi yananyanyuka andika 4.

Mwezi ukiisha tafuta takwimu za kituo rasmi cha karibu uweke pembeni ya zako. Joto lako likiwa juu kwa nyuzi 2 kila mchana lakini usiku mko sawa, kibanda chako kinapigwa jua mahali, kachungulie. Ukikihamisha andika tarehe uliyokihamisha, na zile namba za zamani ziache kama zilivyo, usizifute.