Jinsi ya kuchagua jaketi la kazi la mwanamume kwa ajili ya baridi

Kabla ya kupapasa kitambaa, jiulize mwili utakuwa unafanya nini ndani ya jaketi hilo. Anayebeba mizigo hutoa jasho hata penye baridi kali, na akipumzika jasho lilelile humpoza hadi atetemeke. Huyo jaketi nene mno litamtesa. Afadhali jepesi kidogo, avae na sweta la kuvua na kurudisha. Mlinzi wa lango au dereva wa mashine hasogei sana, hivyo ndiye wa kutafuta jaketi lililojazwa vizuri.

Kwa kazi ya kukwaruzana na mbao, matofali na misumari, turubai la pamba bado halijapata mpinzani. Tafuta lenye gramu 340 hadi 400 kwa mita ya mraba. Likiwa jipya hukakamaa kama ubao, lakini hulainika likifuliwa mara kadhaa, kwa hiyo usilikatae kwa ugumu wake. Udhaifu wake ni maji: pamba hunyonya, huwa nzito na huchelewa kukauka. Penye mvua au theluji inayoyeyuka, chukua turubai lililopakwa nta au nailoni nzito isiyopitisha maji. Ukiambiwa halipitishi maji, geuza ndani uone kama mishono imezibwa kwa utepe. Isipozibwa, maji yatapenya kwenye matundu ya sindano.

Wachomeleaji na watumiaji wa grainda wana sharti lao. Nailoni na poliesta huyeyuka kwa cheche na kunata kwenye ngozi, na nta nayo hushika moto. Wao wavae ngozi au pamba nzito iliyotiwa dawa ya kuzuia moto.

Ujazo wa manyoya ya bata una joto jingi kwa uzito mdogo, ila ukilowa hulala bapa na joto huondoka. Poliesta hustahimili unyevu zaidi, na kwa kazi nyingi za nje hiyo ndiyo ya kuchagua. Bitana ya kifuani inaweza kuwa ya sufu au ya manyoya bandia; ya mikononi iwe ya kuteleza, la sivyo kila ukivaa mikono ya sweta itavutwa juu hadi viwikoni.

Usijaribu jaketi ukiwa na shati tu. Vaa sweta la kazini, funga zipu mpaka juu, kisha inua mikono: pindo lisipande juu ya mkanda. Jikumbatie: mgongo usikaze. Inama kama unayeokota kitu: kiuno kisibaki wazi. Nyoosha mikono mbele: vifundo vya mikono viendelee kufunikwa. Likikubana, usikimbilie saizi kubwa, maana upepo utaingia kwa chini. Tafuta kwanza lenye marinda nyuma ya mabega na kipande cha ziada kilichoshonewa kwapani. Hivyo ndivyo vinavyoupa mkono nafasi.

Zipu ndiyo huharibika mapema, na kuibadilisha kwenye turubai ni kazi ya cherehani nzito. Chagua namba 8 au 10; namba hiyo inakaribia upana wa meno yaliyofungwa, kwa milimita. Meno manene ya plastiki hayapati kutu. Nyuma ya zipu pawe na ulimi wa kitambaa wa kuzuia upepo, na kishikio kishikike ukiwa na glavu. Kikiwa kidogo, funga kitanzi cha kamba. Ukifanya kazi umeketi, zipu inayofunguka pia kutoka chini itakufaa.

Malizia kwa mishono: mistari mitatu mabegani na ubavuni, na pembe za mifuko zikazwe kwa mshono mzito au ribiti, kwa sababu ndipo panapochanika kwanza. Kofia iwe ya kuondoleka, na kamba zinazoning'inia zitolewe kabisa ukifanya kazi karibu na mashine zinazozunguka.