Kupanga Kenchi za Paa la Pande Nne Lenye Dari ya Kuinuka

Upangaji wa kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, huanzia kwenye mgongo wa paa, mstari wa juu kabisa ambako miteremko hukutana. Paa linapoteremka pande zote nne kwa mwinamo mmoja, urefu wa mgongo ni urefu wa nyumba ukitoa upana wake; kwa hiyo nyumba ya mita 14 kwa 8, tuseme iko Mafinga, itakuwa na mgongo wa mita 6 katikati. Sebule yenye dari ya kuinuka iwekwe chini ya mita hizo 6, vyumba vya kulala vikae kwenye miteremko ya mwisho kwa dari bapa. Sebule ikivuka mpaka huo, dari italazimika kushuka upande wa tatu, na kenchi inayobeba pembe itakatiza katikati ya chumba, jambo ambalo ni nafuu kulirekebisha kwenye karatasi kuliko juu ya lenta, yaani mkanda unaopita juu ya kuta.

Katika kila ncha ya mgongo weka kenchi kuu, iliyoungwa mbao mbili mbili, yenye mbao ya chini iliyolala. Hiyo ndiyo inayopokea mbao za pembe kutoka kwenye kona. Kwa mwinamo wa nyuzi 30, kila mbao ya pembe ina takriban mita 6.1 hadi ukutani, bila upenu, kwa hiyo mbao za futi 12 zitaungwa, na kiungo hicho kipewe nguzo chini yake.

Kati ya kenchi kuu, kwa nafasi ya mita 1.2, zinaingia kenchi nne za mkasi, ambazo mbao zake za chini hupanda na kupishana. Paa likiwa na kimo cha mita 2.3, dari ikiinuka nusu yake inatosha. Hapa ndipo penye hatari: mbao ya chini iliyolala hufunga kuta mbili kama kamba ya upinde, lakini ya mkasi haizifungi hivyo, na uzito ukikaa miguu ya kenchi husukuma kuta nje. Lenta iwe ya zege na nondo, izunguke nyumba yote, na vipimo vya mbao, bolti na bamba za viungo vikokotolewe na mhandisi. Misumari pekee, kwa maoni yangu, haifai.

Karibu na ukuta dari na bati husogeleana mno. Acha njia ya hewa kutoka upenuni hadi kwenye kofia, yaani bati linalofunika mgongo, kwa sababu usiku wa baridi wa Makambako au Njombe mvuke wa ndani hugeuka matone chini ya bati na kulowesha jipsamu.

Mbao za paini zikaushwe kabla ya kuunganishwa; mbichi hunywea zikiwa juu, na viungo hulegea.