Somo: Mcheri-mwitu na undugu wake na cheri nyingine

Wana bustani wa Lindi na Mtwara, habari zenu. Miche inayouzwa huku kwa jina la cheri ni ya kila namna, na wengi mmeuliza ipi ndiyo yenyewe.

1. Anza na ukoo. Cheri ya kweli imo katika jenasi ya Prunus, pamoja na pichi, plamu, aprikoti na lozi. Mcheri-mwitu, Prunus avium, ni mti wa misitu ya Ulaya na Asia ya magharibi. Wengi hudhani ni jamaa wa mbali tu, kumbe cheri tamu za madukani ni spishi hiyo hiyo, iliyochaguliwa na wakulima kwa karne nyingi mpaka tunda likanenepa. Cheri chachu, Prunus cerasus, ni chotara: mzazi mmoja ni mcheri-mwitu, wa pili ni kichaka kiitwacho Prunus fruticosa.

2. Tazama majani. Ya Prunus hupishana tawini. Yakikaa mawili mawili yakitazamana, umeuziwa kitu kingine.

3. Pasua tunda. Utafute kokwa moja ngumu. Kokwa tatu ni Malpighia (nzuri tu, ina vitamini C tele, mradi usiuziwe kwa bei ya cheri). Tunda lenye migongo kama kiboga ni Eugenia, ndugu wa mpera na mkarafuu.

MASWALI

— Mwalimu, mcheri-mwitu utazaa hapa Mikindani?
Hautazaa. Machipukizi yake huhitaji mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi, ndipo yaamke vizuri. Pwani hatuna hiyo hata Julai.

— Na sisi wa Newala? Huku juu kuna baridi jamani!
Ya kuvaa sweta, dada yangu. Mcheri hauitambui.

— Kwani Afrika hatuna wetu?
Tunao: Prunus africana, wa misitu ya milimani kama Kilimanjaro na Usambara. Tunda lake ni chungu, linalotafutwa ni magome, kwa dawa za tezi dume. Miti ilichunwa mno, hata biashara yake ya kimataifa ikawekwa mwaka 1995 chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyamapori walio hatarini.

— Kaka yangu yuko Lushoto, ana miplamu. Mbuzi wakila majani?
Mwambie awe mwangalifu, hasa na yaliyonyauka. Majani ya Prunus yakinyauka hutoa sumu ya sianidi, plamu nayo imo. Matawi anayopogoa ayaondoe kabla mbuzi hawajafunguliwa.