Kabla Kivuli Hakijapita: Mambo ya Kuzingatia Ukijiandaa Kutazama Nyota Ikifichwa na Asteroidi

Nyota iko kwenye skrini, nukta nyeupe inayotetemeka kidogo. Unahesabu kimoyomoyo. Ghafla haipo. Kwa sekunde mbili hivi mahali pake pana giza tupu, halafu inarudi na kuendelea kutetemeka kama mwanzo. Katika muda huo mfupi, jiwe ambalo darubini yako haiwezi kuonyesha umbo lake limepita kati yako na ile nyota, nawe umelipima. Lakini kipimo hicho kitakuwa na maana tu ikiwa mambo kadhaa yaliwekwa sawa mapema. Usiku wenyewe hauna nafasi ya kurekebisha chochote.

Anza kwa kukielewa kivuli. Nyota iko mbali mno, hata miali yake hutufikia ikiwa sambamba. Kwa hiyo kivuli cha asteroidi, yaani jiwe hilo linalozunguka jua, kinachoanguka duniani kina upana unaokaribiana kabisa na wa asteroidi yenyewe. Asteroidi ya kilomita 30 hupitisha juu ya uso wa dunia ukanda wa kilomita 30, na ukanda huo hutanuka ardhini ikiwa nyota iko chini karibu na upeo wa macho. Kivuli hukimbia kwa kasi ya kilomita kadhaa hadi makumi ya kilomita kwa sekunde. Tuseme kinakwenda kilomita 15 kwa sekunde: aliye katikati ya ukanda ataikosa nyota kwa sekunde 2, aliye karibu na ukingo kwa muda mfupi zaidi, na aliye nje hataona badiliko lolote. Ifanye hesabu hii kwa kila tukio unalolifikiria, maana ndiyo itakayokuambia kamera yako inatakiwa iwe na kasi gani na saa yako iwe sahihi kiasi gani.

Kisha soma utabiri kwa makini. Zamani kazi hii ilikuwa ya kubahatisha, kwa sababu mahali pa nyota angani hapakujulikana vizuri vya kutosha. Chombo cha anga cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 kupima mahali pa nyota, kilibadilisha hali hiyo, hasa baada ya orodha yake ya pili ya nyota kutolewa Aprili 2018. Siku hizi kosa kubwa zaidi mara nyingi linatoka kwenye njia ya asteroidi yenyewe. Likiwa dogo kama sehemu 10 za elfu ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3600 ya digrii), kwa asteroidi iliyo mbali nasi mara mbili ya umbali wa dunia na jua, kivuli huhama kiasi cha kilomita 15 ardhini. Kwa asteroidi yetu ya kilomita 30, hiyo ni nusu nzima ya upana wake. Ndiyo sababu ramani ya utabiri huwa na mstari wa katikati, kingo mbili za kivuli, na nje yake mistari mingine inayoonyesha kosa linalotarajiwa. Usiichukulie ile ya ukingo kama ukuta. Aliye nje kidogo ya ukingo anaweza kuona nyota ikizima, na aliye ndani anaweza kukosa.

Katika orodha ya Gaia kuna namba moja ambayo nakuomba uikague, iitwayo RUWE. Ikizidi 1.4, mahali pa nyota hiyo si pa kuaminiwa sana, pengine kwa sababu ni nyota mbili zilizoshikana. Tukio kama hilo si la kutupa. Nyota mbili hujitambulisha kwa kuzima ngazi kwa ngazi, na kuligundua hilo ni furaha ya aina yake, ila uwe umejiandaa kivuli kikose mahali kilipotarajiwa. Utabiri pia hurekebishwa kila vipimo vipya vinapopatikana, kwa hiyo uangalie tena siku moja au mbili kabla. Usitegemee ramani uliyoihifadhi mwezi uliopita.

Kwa kuchagua matukio, programu zinazotumiwa na wengi ni Occult na OccultWatcher. Hii ya pili hukuruhusu kutangaza utakapokaa na kuona wengine wamejipanga wapi. Lakini usikubali kila kitu programu inachokupa. Tazama nyota itakuwa juu kiasi gani, mwezi uko wapi na umejaa kiasi gani, na zaidi ya yote, mwangaza utashuka kwa kiasi gani. Kabla ya tukio, mwanga wa nyota na wa asteroidi huchanganyika kuwa nukta moja. Mwangaza hupimwa kwa magnitudo, na namba ikiwa kubwa mwanga ni hafifu zaidi. Nyota ya magnitudo 11 ikifichwa na asteroidi ya magnitudo 14.5, inakuwa kama taa imezimwa. Vyote viwili vikiwa na magnitudo 12, mwanga utapungua nusu tu, na kwenye picha yenye chembechembe nusu hiyo inaweza kupotea kabisa. Anayeanza achague nyota angavu na mshuko mkubwa, hata kama asteroidi yenyewe haina sifa.

Suala la mahali pa kukaa lina uzito kuliko linavyoonekana. Kila mtazamaji hukata kipande kimoja kilichonyooka cha umbo la asteroidi, toka nyota ilipozimika hadi iliporudi. Watu watano waliokaa uwanja mmoja hukata kipande kilekile mara tano. Watu watano waliotawanyika kukatisha njia ya kivuli, mmoja huku na mwingine kilomita sita kando, huchora umbo zima. Ndiyo maana mimi huangalia kwanza pengo liko wapi, kisha ndipo naangalia barabara. Na usidharau kukaa pembeni, hata nje ya ukingo. Aliyerekodi vizuri na kuthibitisha kwamba nyota haikuzima ameweka mpaka ambao umbo haliwezi kuuvuka.

Mfano mzuri ni wa Arrokoth, jiwe dogo lililo nje ya Neptuni ambalo chombo cha New Horizons kililipitia tarehe 1 Januari 2019. Tarehe 3 Juni 2017 timu zilisambazwa Afrika Kusini na Argentina, na hakuna darubini iliyoona nyota ikizima. Hawakukunja vifaa na kukata tamaa. Tarehe 17 Julai mwaka huohuo, huko Argentina, darubini tano ziliunasa mzimo, na vipande hivyo vilidokeza kwamba kile kitu kina umbo la vipande viwili vilivyogusana au vilivyokaribiana sana. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Agosti, watazamaji wengine walijipanga Senegal kwa kazi hiyohiyo. Chombo kilipofika, kilikuta kweli vipande viwili vilivyoungana.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote: muda. Kosa la sekunde moja, kwa kivuli chetu cha kilomita 15 kwa sekunde, ni kosa la kilomita 15. Saa ya kompyuta iliyoachwa ijiendee yenyewe haifai. Saa ya simu unayoitazama kwa jicho haifai pia. Hata mtu makini anayebonyeza kitufe anapoona nyota imezima huchelewa kwa sehemu kadhaa za kumi za sekunde, na kuchelewa kwake hubadilika kila mara. Kinachotakiwa ni muda wa GPS uliochapwa juu ya kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ama na kifaa kilichounganishwa kati ya kamera na kinasa, ama na kamera yenye GPS ndani yake. Asiye na hivyo anaweza kutumia programu ya simu inayowasha tochi kwa sekunde inayojulikana, mwanzoni na mwishoni mwa rekodi, tochi ikimulika mbele ya darubini. Njia hii ni halali na imeleta vipimo vizuri.

Ila hata GPS ina mtego wake. Muda wa GPS na UTC, yaani saa ya kimataifa, vinatofautiana kwa sekunde 18 tangu 1 Januari 2017, na tofauti hiyo hutumwa na setilaiti ndani ya ujumbe ambao huchukua dakika 12.5 kukamilika. Kipokezi cha GPS kilichowashwa sasa hivi kinaweza kuwa bado kinatumia tofauti ya zamani kilichoihifadhi. Niliwahi kuwasha changu dakika tano kabla ya tukio. Nyota ilizima na kurudi vizuri kabisa, rekodi ilikuwa safi, lakini vipimo vya wenzangu vilipokusanywa, kipande changu kilikuwa kimesogea kilomita 30 kutoka mahali pake, yaani sekunde 2 kamili. Tangu siku hiyo GPS ndicho kitu cha kwanza ninachokiwasha nikifika, kabla hata ya kufungua miguu ya darubini, na hukiacha nusu saa.

Kuhusu saa hiyohiyo, utabiri hutolewa kwa UTC. Sisi tuliozoea kusema saa nane usiku tuandike kwanza 02:00, kisha tupige hesabu ya tofauti na UTC, na tuangalie tarehe, kwa maana usiku mmoja hubeba tarehe mbili. Wapo waliojiandaa vizuri na kufika uwanjani siku moja baada ya kivuli kupita. Iandike kwenye karatasi na umpe mwingine aihakiki.

Kamera sasa. Muda wa kila fremu uwe mfupi kiasi cha kukata tukio vipande vingi, lakini mrefu kiasi cha nyota kuonekana wazi katika kila kimoja. Tukio la sekunde 2 likirekodiwa kwa fremu za sekunde 0.1 lina fremu 20 za giza, na hizo zinatosha. Nyota isichomwe hadi ijae mwanga, la sivyo mshuko mdogo hautaonekana. Rekodi bila kubana picha, na hakikisha diski inaweza kuandika kwa kasi hiyo bila kuruka fremu, kwa sababu fremu iliyorukwa hufanana na muda uliopotea. Na jambo ambalo wengi husahau: katika fremu iwemo angalau nyota nyingine moja. Wingu jembamba likipita, nyota zote hufifia pamoja, ila asteroidi huzima moja tu. Bila jirani huyo, huna la kumjibu atakayekuuliza kama ulichorekodi ni wingu.

Anza kurekodi dakika mbili kabla ya muda uliotabiriwa na uendelee dakika mbili baada yake, au zaidi kwa vitu vya mbali. Tarehe 3 Juni 2013, Chariklo, jiwe lililo kati ya Zohali na Uranus, ilipopita mbele ya nyota ikitazamwa na darubini za Amerika Kusini, palitokea mizimo mifupi kabla na baada ya ule mkubwa. Ilikuwa pete mbili zinazokizunguka kitu chenye upana wa kilomita 250 hivi, na hakuna aliyekuwa amezitarajia. Aliyezima kamera mapema asingeambulia kitu cha kusimulia. Miezi midogo inayozizunguka asteroidi nayo hujitokeza hivyohivyo.

Fanya mazoezi usiku mwingine, kwa nyota ileile na saa ileile. Nyota hufika mahali palepale dakika 4 mapema kila siku, kwa hiyo usiku wa kabla unakupa maonyesho kamili ya kilichopo: mti ulio njiani, taa ya jirani, betri inayokata tamaa baada ya saa moja. Chora au chapisha ramani ya nyota kwa ukubwa na mwelekeo uleule wa skrini yako, maana picha ya darubini inaweza kuwa imegeuzwa, na ukiwa na haraka ni rahisi mno kuilenga nyota ya pembeni. Hakikisha pia una ruhusa ya mwenye eneo na kwamba mtu anajua ulipo. Kitu cha kuzuia umande kwenye lenzi kiwe kimewashwa kabla lenzi haijalowa, maana kuikausha ukiwa umebakiwa na dakika tatu ni shida.

Ukifika, pima mahali ulipo kwa GPS pamoja na kimo kutoka usawa wa bahari, na uandike. Nyota ipatikane robo saa kabla, na baada ya hapo usiiguse darubini bila sababu. Zima chochote kinachoweza kuamka chenyewe kwenye kompyuta, hasa masasisho.

Na taarifa utakayotuma iamuliwe mapema, wakati moyo umetulia: nimeona mzimo, sikuona mzimo na rekodi ni nzuri, au sikuweza kutazama. Hizi mbili za mwisho si kitu kimoja. Aliyezuiwa na mawingu akiandika kwamba nyota haikuzima, ameweka mpaka wa uongo kwenye umbo la asteroidi, na wengine watalijenga umbo juu ya mpaka huo.

Rekodi ikiisha, usikate chochote, usibadili jina la faili, usifungue programu ya kuhariri. Fanya nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, uhakikishe zinafunguka, kisha ndipo uzime GPS na uanze kufungasha.