Kuvuta tela la kulalia kwa RAV4 ya haibridi: pima kabla ya kuondoka, jipange kwa mteremko

Nina Toyota RAV4 ya haibridi, yaani yenye injini ya petroli na mota za umeme pamoja, ya mwaka 2019, na tela dogo la kulalia, lile la umbo la tone la chozi: godoro ndani, jiko nyuma chini ya mfuniko. Tunaishi Sacramento, California, na kila kiangazi tunapanda barabara ya I-80 hadi Truckee kupiga kambi kando ya Ziwa Donner. Ndugu wakiliona tela huuliza swali lile lile: "Hiyo gari ya betri inaweza kweli?" Inaweza. Tena kuvuta ndiyo sehemu nyepesi. Kazi yenyewe iko kwenye mzani kabla hujatoka nyumbani, na kwenye mteremko siku ya kurudi.

Anza na kitabu cha gari lako. Huku Marekani, Toyota wameipa RAV4 ya haibridi kama yangu ruhusa ya kuvuta paundi 1,750, yaani kilo 794. Ile ya kuchomeka kwenye umeme, iliyouzwa kwa jina la RAV4 Prime, waliipa paundi 2,500. Ulaya, RAV4 ya haibridi inayosukuma magurudumu yote manne imeruhusiwa hadi kilo 1,650 kama tela lina breki. Usichukue namba ya Ulaya ukaitumia Marekani, wala namba ya Marekani ukaipeleka Dar kwenye gari lililotoka Japani. Kama kitabu cha gari lako kinasema halivuti, basi halivuti, hata fundi akuambie chuma cha kufunga kipo.

Kisha pima tela, usiamini karatasi ya muuzaji. Langu liliandikwa paundi 1,100. Nililipakia kama tunavyosafiri, mtungi wa gesi, betri, sufuria, viti vya kukunja, maji lita 40, nikalipeleka kwenye mzani wa malori wa CAT Scale. Likasoma 1,420. Hizo 320 za ziada ni vitu vidogo vidogo ambavyo kila kimoja ukikishika mkononi unakiona chepesi. California inadai breki kwa tela la kulalia likifika paundi 1,500, na langu halina breki, kwa hiyo nilikuwa nimebakiza masanduku mawili tu ya maji ya kunywa kuvunja sheria.

Uzito wote ukishaujua, pima ule unaoikalia gololi, ile tufe ya chuma nyuma ya gari ambayo tela hufungwa juu yake, yaani kiasi ambacho shingo ya tela inakandamiza nyuma ya gari. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa tela. Weka mzani wa bafuni chini ya shingo, juu yake panga vipande vya mbao hadi kikombe cha tela, kile kinachoifunika gololi, kifikie kimo kile kile kinachokaa kikiwa kimefungwa kwenye gari, tela likiwa limelala sawa. Mara ya kwanza mzani wangu ulisoma kilo 41. Ni kidogo mno, lakini nilikuwa nimeshasafiri bila kuujua uzito huo. Nilipima baada ya kutishika. Tulikuwa karibu na Roseville, lori refu likatupita, nikahisi kiti changu kinasukumwa kushoto, kulia, kushoto, kabla hata sijatazama kioo. Tela lilikuwa linatikisa mkia. Likikutokea hilo usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani. Achia mafuta taratibu, shika usukani sawa, acha mwendo upungue wenyewe.

Chanzo kilikuwa tangi la maji, ambalo liko nyuma ya ekseli pamoja na jiko. Siku hizi tunasafiri tangi likiwa tupu na tunajaza kambini, na sanduku la barafu limehamia mbele. Tela limeshuka hadi kama paundi 1,330 na gololi inabeba kilo 72. Halijatikisika tena. Kumbuka pia kwamba kilo hizo 72 ni mzigo wa gari: zijumlishe na abiria na mabegi, kisha linganisha na namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva.

Kwenye taa, kaa na fundi macho kwa macho. Gari hili lina taa za LED zinazotumia umeme kidogo sana, na fundi wa kwanza niliyempelekea aliunga nyaya za taa za tela moja kwa moja kwenye nyaya za taa hizo kwa vibanio, waya kwa waya. Wiki ya pili indiketa zikaanza kuchanganyikiwa. Kinachotakiwa ni kiboksi cha kuongozea taa za tela kinachopata umeme wake moja kwa moja kutoka betri ndogo ya volti 12, kupitia fyuzi. Betri hiyo kwenye RAV4 yangu iko nyuma upande wa kulia, kwa hiyo waya ni mfupi. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse na usimruhusu mtu kuzigusa. Ndizo zinazobeba umeme mkubwa wa haibridi, na huo unaua.

Jambo jingine wasilokumbushwa wenye haibridi: betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia matundu yaliyo chini ya kiti hicho. Wanangu walikuwa wanasukumia blanketi pale pale. Mlimani, betri ikifanya kazi kuliko siku zote, tundu lililozibwa ni kuipika. Safisha chujio lake kabla ya safari na uweke marufuku ya mzigo miguuni nyuma.

Sasa barabara. Sacramento iko karibu sawa na bahari, na kilele cha Donner kiko futi 7,239, mita 2,206. Kupanda, betri hukusaidia mwanzoni, halafu inaisha nguvu na injini inabaki peke yake, tena huko juu hewa ni nyepesi. Itanguruma kwa sauti moja ndefu. Usiogope, ndivyo gia zake zilivyotengenezwa. Kaa njia ya kulia, usizidi maili 55 kwa saa (ndiyo sheria ya California kwa yeyote anayevuta tela), pumzika Gold Run. Hapo naweka kiganja karibu na kikombe cha beringi kila gurudumu la tela: vuguvugu ni sawa, kama huwezi kuacha mkono basi beringi ina shida. Nakaza na nati za tairi. Matumizi ya mafuta yatapanda. Bila tela napata maili 38 kwa galoni, nikiwa nalo 23.

Kushuka ndiko nilikotaka kufika. Nimekulia Iringa, marehemu baba alikuwa dereva wa lori la Dar hadi Tunduma, na likizo nilikaa naye kwenye kebini ya lori. Mlima Kitonga ulinifundisha harufu ya breki zilizoungua kabla sijajua kuendesha. Baba alisema: "Gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, mwanangu." Mwenye haibridi hujidanganya kwamba hilo halimhusu, maana gari linashika lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri. Piga hesabu. Gari, familia na tela ni kama tani mbili na nusu. Kuzishusha mita 2,200 kunatoa nguvu ya uniti 15 za umeme, uniti hizi hizi za Luku, yaani kilowati-saa. Hata ukitoa zinazoliwa na upepo na tairi, betri yangu yote ni uniti 1.6, na gari haliruhusu itumike yote. Inajaa mapema sana. Mara ya kwanza nilikuwa bado sijafika Emigrant Gap, vipau vya betri vimejaa, na ule mshiko wa bure niliouzoea ukapungua.

Kwa hiyo, mteremko kabla haujaanza, toa gia D weka S, kisha shusha namba moja moja hadi gari likae kwenye mwendo unaoutaka bila mguu kwenye breki. Injini itapiga kelele ingawa umeachia mafuta. Mke wangu alidhani imekufa. Inazungushwa ili kumeza nguvu ambayo betri imekataa, na haichomi petroli. Mwendo ukizidi, kanyaga breki kwa uthabiti, shusha hadi maili 45, achia kabisa, acha zipoe, rudia. Kuuweka mguu juu ya breki mfululizo ndiko kunakozipika. Ule mfumo wa kushika mwendo wenyewe, uzime.

Kurudi nyuma, shika usukani chini kabisa. Mkono ukienda kulia, mkia wa tela unaenda kulia. Tela fupi hugeuka haraka kuliko refu, basi sogeza kidogo kidogo. Na usichague kiwanja cha kambi kinachotaka urudi nyuma kwa kupanda mlima: haibridi hii hurudi nyuma kwa mota ya umeme peke yake, injini haisaidii kusukuma magurudumu.

Wakati wa kufunga, pishanisha minyororo miwili chini ya shingo, ili kikombe kikichomoka kidakwe kisichimbe lami. Wakati wa kufungua, kabari kwanza, gololi baadaye. Ninazo kabari mbili za mbao nilizokata mwenyewe, kama zile alizokuwa anarusha utingo wa baba. Binti yangu wa kwanza ndiye anayeziweka, mbele na nyuma ya tairi la tela, kisha anagonga ubavu wa tela mara mbili. Sigusi kikombe kabla sijasikia hizo mbili.